Ile Mimea Uliyoipalilia Katikati ya Maharagwe

Maman wangu,

Asinge. Nakusalimu kutoka huku ambako leo mvua imeanza kabla sijavaa viatu, na kwa ninavyoijua itakuwepo mpaka nitakapovivua. Goti linaendeleaje? Lile la kushoto, ambalo likianza kuuma unasema mvua inakuja, nasi tunakucheka, halafu tunakimbia kuanua nguo. Msimu huu umepanda wapi, shamba la juu au lile la kule chini kwenye maji? Na yule mbuzi aliyekula kitenge cha kwaya, bado yupo, au mlimla naye? Mimi mwili ni mzima. Ninakula, ninalala, nimenunua koti la pili. Kichwa ndicho sijui niseme nini juu yake.

Utajiuliza kwa nini nimeandika karatasi wakati kila Jumapili tunaongea. Maman, simu yako si yako. Nikituma sauti, unasikiliza wewe, anasikiliza kaka yangu mkubwa, yaya Bisimwa, anasikiliza jirani aliyekuja kuomba chumvi, na kabla ya jioni Nyantende nzima inajua kwamba nilipata mafua. Haya ya leo nataka uyasome peke yako, polepole, na miwani ya marehemu papa, baba yetu. Nimempa barua maman mmoja wa Bunyakiri aliyekuja kumtembelea binti yake huku. Ataivusha mto Ruzizi ndani ya kitabu chake cha sala, ataiacha kwa shangazi, tante wetu wa pale sokoni Nyawera. Usimpe yaya aisome kwanza. Ukimaliza, wewe mwenyewe utaamua kama naye aione.

Sasa kaa chini.

Nilikuambia kwamba nafanya kazi ya maua. Sikudanganya, ni maua kweli. Lakini ulipowatangazia mamans wa shirika la kanisani kwamba binti yako yuko Kanada analima maua ya altare, mimi nilinyamaza kwenye simu, nikauliza habari za mbuzi. Kunyamaza kule ndiko kunakonila mpaka leo. Maua yenyewe, Maman, ni bangi. Ndiyo, ile ile. Chanvre, kama polisi wetu wanavyoiita wakimkamata mtu.

Pumua kwanza. Mimi siivuti, sijawahi kuivuta, na sioni kama nitaanza. Na sijifichi. Huku sheria imeiruhusu, na shamba letu lina karatasi ya serikali iliyobandikwa ukutani kama picha ya harusi. Mkaguzi wa serikali anakuja na kalamu yake, anahesabu mmea mmoja mmoja, ananisalimia kwa jina, anakunywa chai, anaondoka. Mara ya kwanza alipokuja amevaa sare, nilijificha nyuma ya mapipa ya mbolea. Walinitafuta hadi chai ikapoa. Kwetu mtu mwenye sare akikuta jani moja tu mfukoni mwako, ukoo mzima unachanga ili utoke. Huku ananiuliza kama nimelala vizuri. Miaka miwili imepita na bado nikiiona ile sare natafuta mapipa kwa macho.

Najua unachokiwaza sasa hivi, kwa sababu nami ndicho ninachokiwaza kila siku nikivaa glavu. Unamuwaza yaya.

Nilikuwa mwaka wa sita wa shule ya primaire aliporudi kutoka Shabunda. Alikwenda kuchimba dhahabu, akarudi na kikohozi, na kiberiti kisichokuwa na njiti ndani. Zilikuwa mbegu. Akazipanda shambani mwako, kimyakimya, katikati ya maharagwe, na wewe ukazikuta zimeota. Mtu mwingine angezing'oa. Wewe hujawahi kung'oa kitu kabla ya kujua ni nini. Nakumbuka ulivyoniita.

"Nsimire, kuya uone hii mumea. Sijaionaka. Bisimwa, hii iko nini?"

"Iko dawa ya kuku, Maman," yaya akasema, hata hakupepesa macho. "Kule Shabunda banaitumiaka sana. Kuku ikikula hii, haigonjwaka tena."

Nawe ukaipalilia. Miezi miwili na zaidi, Maman, uliipalilia pamoja na maharagwe yako, ukaiwekea majivu, ukaifunga kwenye vijiti upepo usiivunje. Kuku uliwapa majani yake, na wiki ile walikuwa wanalala mchana, ukasema dawa inafanya kazi. Mpaka siku katekista alipopita kuomba maharagwe ya sikukuu ya parokia, akasimama mwisho wa mstari, akavua kofia.

"Maman, weye unalima bangi?"

"Bangi iko wapi?"

"Iko mu mukono yako."

Sitaki kukukumbusha yaliyofuata, unayakumbuka kuliko mimi. Walikucheka njia nzima. Mpaka leo wapo wanaokuita Maman Dawa ya Kuku. Kwa mwaka mzima hukubeba tena matoleo kwenye misa, ulikaa benchi la nyuma kabisa, wewe uliyekuwa unatangulia. Na yaya hakuacha. Alikuwa na nyingine mahali pengine, halafu akaanza kuongea na ukuta wa jikoni, na akimaliza kuuliza swali anangoja ukuta ujibu. Miaka miwili ulimlisha kwa mkono wako kama mtoto mchanga. Sasa anatengeneza pikipiki, ana mke, anacheka. Lakini mimi niliuona ule ukuta. Sijausahau, na sitaki ufikiri kwamba nimeusahau.

Sasa nikueleze ilivyokuwa mpaka nikafika hapa nilipo leo, maana kosa nililofanya ni lako nusu.

Patron wetu, mwenye shamba, anaitwa Karine. Ni mwanamke wa upande wanakozungumza Kifaransa, ndiyo maana tunaelewana. Shamba liko kwenye kisiwa, na hali ya hewa ningeiita Kabare ya mwezi wa nne, ila haiishi. Ukungu unatoka baharini asubuhi, unakaa juu ya majani mpaka saa sita. Mwisho wa mwezi wa tisa mvua inaingia na kukaa. Karine alikuwa na shamba la juu lililopandwa tayari, na shamba la chini lilikuwa tupu. Akaleta vikombe vingi vya miche, kila kikombe na aina yake, akanipangia mezani.

"Mimi nimekosea miaka miwili mfululizo," akaniambia. "Unasema kwenu kuna baridi na mvua. Chagua wewe."

Maman, mmea huu una aina nyingi kama maharagwe. Mingine mifupi, majani mapana, ua lake limekaza kama ngumi. Wateja wanalipenda hilo, na linakomaa mapema. Lakini mimi nikiliangalia nilikuwa naona kabichi iliyofungwa: maji yakiingia ndani hayatoki. Mingine mirefu, majani membamba, ua limeachana kama suke la mtama, upepo unapita kati. Huo mvua haiutishi. Ila unachelewa. Huku siku zinarefuka sana halafu zinafupika, si kama kwetu ambako jua linajua saa yake mwaka mzima, na ule mrefu unangoja siku zifupike vya kutosha ndipo uanze kuchanua. Mpaka ukomae, mvua imekwisha kuhamia shambani. Kuna mwingine wa tatu usiongoja siku. Unahesabu umri wake tu, ukifika unachanua hata jua likiwa bado refu. Huo ni mdogo, mavuno haba. Na kuna iliyozaliwa kwa kuchanganya huu na ule, ambayo hakuna aliyejua itamfuata mama au baba.

Nikawa nauona wema wa kila mmoja na ubaya wake. Siku tatu nilizunguka meza ile. Nikichagua huu, nauogopa mwezi wa kumi. Nikichagua ule, nayaogopa mavuno haba ya mwezi wa nane. Siku ya nne nikafanya unavyofanya wewe. Nilikumbuka ukiwa umekaa kwenye mkeka na lungo mapajani, beseni mbele yako, mbegu za maharagwe njano, nyekundu, nyeusi ndogo, zile nyeupe za marehemu bibi, zote unazimwaga humo na kuzikoroga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilikuuliza kwa nini huzipandi mbalimbali kama kwenye kitabu cha shule.

"Mwaka moja mvua inakuwa mingi, mwaka ingine inakuwa kidogo," ulisema. "Weye unajua ya mwaka huu iko gani? Mimi sijue. Sasa naweka yote. Ingine itakufa, ingine itatupatia kula."

Basi nilichagua aina tano, nikazipanda shamba zima zikiwa zimechanganyika. Mfupi, mrefu, ule mdogo, mfupi mwingine, yule chotara. Nilifanya kazi ile nikiimba. Na vile vibandiko vya plastiki vyenye namba, vilivyokuwa vimechomekwa kwenye kila kikombe, nilivikusanya vyote, nikaviosha kwa sabuni, nikavianika, nikampelekea Karine ndani ya ndoo, vimepangwa vizuri. Nilifikiri atafurahi kwamba havikupotea.

Karine aliiangalia ndoo. Akaliangalia shamba. Akakaa juu ya kreti.

"Nsimire, ipi iko wapi?"

"Zote ziko humu ndani," nikamwambia.

Hakupiga kelele, na hicho ndicho kilichonitisha. Akanieleza polepole. Huku kila mche una namba tangu siku ya kuzaliwa, kama mtoto wa hospitali. Mkaguzi anataka kujua mche gani ni aina gani, umelala wapi, umekufa kwa nini. Ua lisilojulikana jina haliuzwi, linachomwa. Shamba zima la chini lingeweza kuchomwa, na karatasi ile ya ukutani ingeweza kushushwa. Maman, wewe wakati ule ulikuwa unaniombea kwenye novena, nami nilikuwa nimesimama kwenye matope na sijui hata lugha ya kuomba msamaha ambayo ingetosha. Nilifikiri nitarudishwa nyumbani, na sababu yenyewe ingekuwa bangi. Tungekuwa wawili, wewe na mimi, kwenye lile benchi la nyuma.

Karine mwenyewe alimpigia mkaguzi simu kabla hajaja. Alisema hapendi kuficha. Mkaguzi akatupa muda mfupi wa kupanga kila kitu sawa. Nikamwomba Karine aniachie mimi. Akauliza nitawezaje, ikiwa miche yote ni majani saba na bua la kijani. Nikasema nitajaribu kwa mkono.

Siku tisa nilitembea nimeinama. Nilikuwa nashika kila mche kama unavyoshika harage kwenye lungo, bila kufikiri sana, maana nikifikiri nilikosea. Ukisugua jani, mmoja unanuka limao, mwingine unanuka mafuta ya taa, mmoja haunuki kitu mpaka uvunje kikonyo. Bua la mrefu lina mistari midogomidogo. Ule mdogo una haraka, hata majani yake yanaonyesha haraka. Nilichomeka kibandiko kimoja baada ya kingine, vilevile nilivyoviosha. Karine alichukua majani kutoka huku na kule, akayapeleka maabara wayachunguze. Majibu yaliporudi, nilikuwa nimekosea miwili tu. Mkaguzi alilisoma daftari la namba za miche mwanzo hadi mwisho, akaniangalia mimi, akaomba chai.

Mvua ikaja kama kawaida yake. Shamba la juu, lililopandwa aina moja tu, ile ya ngumi, liliingiwa na uozo. Ukiliangalia ua kwa nje ni zuri, unasema asante Mungu. Ukilifungua, ndani ni vumbi la kijivu. Ulianzia kona moja, ukatoka ua hadi ua kama habari ya msiba, na karibu lote tulilikata na kulitupa. Kule chini nako ngumi zilioza, usifikiri ni muujiza. Lakini jirani wa ngumi alikuwa mrefu mwenye upepo, na jirani wa mrefu alikuwa mdogo aliyekwisha kuvunwa, nafasi yake iko wazi. Uozo ulifika hapo ukachoka. Tulivuna kule chini zaidi kuliko Karine alivyowahi kuvuna kwenye mvua.

Akaniuliza nani alinifundisha.

"Mama yangu."

"Ana shahada gani?"

"Ana beseni," nikasema. Alicheka mpaka akafuta macho, lakini mimi sikuwa natania.

Sasa anataka nibaki moja kwa moja, si kama kibarua wa msimu. Anataka mimi ndiye niwe mchaguzi wa aina, kila mwaka, nichague ipi na ipi zikae pamoja, safari hii kila moja na kibandiko chake. Mkataba nimeupata. Nikiusaini, karatasi zangu za kukaa huku zinakuwa imara, na naweza kuja kukuona na kurudi bila kuogopa kufungiwa mlango. Nisiposaini kabla hawajaagiza mbegu, atatafuta mtu mwingine, na mimi nitaanza tena kuzunguka nikitafuta kazi.

Mtu mwingine angeshasaini. Mimi kila nikishika kalamu nachanganyikiwa. Baba yake Karine ni mzee mwenye saratani ya mifupa. Anapewa matone ya mafuta ya maua haya, na akiyapata anakaa, anakula, anauliza majina ya wajukuu. Nimemwona kwa macho yangu. Halafu yapo magari yanayokuja mwisho wa wiki na vijana wa umri aliokuwa nao yaya alipotoka Shabunda, na wanacheka kicheko kile kile. Hao nao nimewaona. Karine anasema kuna sheria, kuna umri, kuna vipimo. Ninamsikia. Lakini ukuta wa jikoni haukuniuliza vipimo. Nikimuuliza padri wa huku, ananiambia nifuate dhamiri yangu, na dhamiri yangu, Maman, iko huko Nyantende na wewe. Sijui ni kazi njema au ni ile ile dhambi iliyovaa glavu. Kusema kweli sijui. Asubuhi nina jibu, saa sita nina lingine.

Nisalimie yaya Bisimwa, fundi wetu, na mwambie gari la huku lenye matope linanikumbusha yeye. Nisalimie mke wake, anayekuvumilia. Tante wa Nyawera, mwambie koti la pili ni kwa sababu yake, alinisema sana nilipomwambia ninalo moja. Msalimie hata katekista, kama bado anavua kofia kabla ya kumharibia mtu siku.

Nimebakiza moja. Miaka yote hii sijakuambia, na wewe hukujua kwamba nililiona.

Ile siku katekista alipokwisha kuondoka, uling'oa mimea yote, ukairundika, ukanituma jikoni kuleta kiberiti. Nilirudi haraka kuliko ulivyofikiri. Nilikuwa nyuma ya migomba. Wewe ulikuwa umechukua mmoja kutoka kwenye rundo, umeushika bua, ukalipasua kwa ukucha, ukaliangalia ndani, ukalinusa. Ulikuwa umetoka kulia, uso wako ulikuwa bado umelowa. Ukasema peke yako, kwa sauti ile unayoitumia ukipata harage zuri kwenye lungo:

"Mvua yote hii, na haikuoza."

Halafu nikatokea, ukaniona, ukautupa juu ya mingine, ukasema, "Leta kiberiti." Hatukuzungumza tena habari ile. Lakini nilipokuwa nazunguka meza ya Karine siku zile tatu, bua lile ndilo nililokuwa nalitafuta, lile jembamba, lenye mistari. Nililijua kwa sababu ulinionyesha bila kutaka.

Mkataba uko mezani, chini ya kikombe. Sikuulizi kama sheria ya huku ni nzuri, wala padri atasema nini. Nakuuliza jambo moja tu, na utakalolijibu ndilo nitakalolifuata. Kabla hujaniona, ulipokuwa umelishika lile bua, je, mkono wako ulikuwa unaliacha liungue, au ulikuwa unataka kuweka mbegu yake ipandwe tena?

Ni mimi, niliyeleta kiberiti,

Nsimire